ACHILLES: JINA, KISIGINO NA MKONO WA MAMA



Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa bibi mmoja wa mkoani Kagera. Ameniomba nisilitaje jina lake wala kijiji chake, nami nitaitimiza haja yake. Anasema kwamba mwanawe amejaliwa mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza katika nyumba hiyo, na kwa kuwa marehemu mumewe aliitwa Achileo, yeye alitumaini kwamba mtoto atalirithi jina la babu yake. Lakini mwanawe, kijana aliyesoma, amekataa. Hoja zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba jina hilo ni la mpagani wa Kiyunani aliyeishi kwa hasira na kumwaga damu. Ya pili ni kwamba kila aliyepita shule akilisikia hukumbuka kisigino, na kumwita mtoto hivyo ni kumvika udhaifu kabla hajajua kutambaa. "Mwanangu anasema alimpenda baba yake, lakini jina hapana," ameandika bibi huyo. "Tangu siku hiyo hatuzungumzi ila kwa salamu. Nieleze basi, jina hili maana yake nini, na lilifikaje kwetu?"

Swali hili linastahili jibu lililokamilika, maana halihusu kamusi peke yake. Basi naomba uvumilivu wako, msomaji, tusafiri kidogo.

SHUJAA MWENYEWE

Achilles ni shujaa mkuu wa utenzi uitwao Iliad, ambao Wayunani wa kale waliunasibisha na mshairi Homer, na ambao wataalamu wengi hukadiria kwamba ulitungwa yapata karne ya 8 kabla ya Kristo. Utenzi huo una mistari zaidi ya 15,000 iliyogawanywa katika vitabu 24. Hata hivyo hausimulii vita vyote vya miaka kumi vya mji wa Troy. Wasimulia majuma machache tu ya mwaka wa mwisho. Neno lake la kwanza ni ghadhabu, na ghadhabu hiyo ni ya Achilles.

Baba yake alikuwa Peleus, mfalme wa Phthia, binadamu kama wewe na mimi. Mama yake alikuwa Thetis, mungu wa kike wa baharini. Kwa hiyo mtoto alizaliwa akiwa na nguvu na wepesi wa mbio kuliko watu wote, lakini kifo kilikuwa kimeandikwa juu yake. Mama yake alimwambia wazi kwamba njia zake ni mbili: akibaki vitani atakufa kijana na sifa zake hazitakufa, akirudi kwao ataishi maisha marefu na hakuna atakayemkumbuka.

Agamemnon, kiongozi wa majeshi, alipomnyang'anya mateka wake Briseis, Achilles alisusia vita, na wenzake wakafa kwa mamia. Hapo rafiki yake wa utotoni, Patroclus, akavaa silaha zake na kuingia vitani badala yake, akauawa na Hector, mwana wa mfalme wa Troy. Ndipo Achilles akainuka. Alimwua Hector, akamfunga nyuma ya gari lake la farasi na kuiburura maiti mavumbini. Mpaka hapa kijana wa Kagera amesema kweli: huu si mfano wa kumwigiza mtoto.

Lakini utenzi hauishii hapo. Usiku mmoja mzee Priam, baba yake Hector, aliingia katika hema la muuaji wa mwanawe, akapiga magoti, akaibusu mikono iliyomwua mtoto wake, na kumwomba amkumbuke baba yake mwenyewe, mzee Peleus, anayemngoja nyumbani. Achilles akalia. Wakalia wote wawili, kila mmoja na maiti wake moyoni. Kisha akaamuru mwili wa Hector uoshwe, akampa mzee chakula na mahali pa kulala, akasimamisha vita kwa muda ili mazishi yafanyike. Ghadhabu iliyoanza katika neno la kwanza inazimika katika kitabu cha mwisho, na kilichoizima ni jina la baba.

MAANA YA JINA

Sasa tuje kwenye jina lenyewe. Kwa Kiyunani hutamkwa Akhilleus. Wataalamu wa lugha hawakubaliani juu ya asili yake. Wako wanaosema kwamba jina hili ni la kale kuliko Kiyunani, na kwamba Wayunani walilikuta kwa wenyeji waliowatangulia. Wako wengine, na hoja yao ina uzito, wanaolitoa katika maneno mawili: akhos, yaani huzuni au majonzi, na laos, yaani watu au jeshi. Kwa maana hiyo Achilles ni yule ambaye watu wake hupata majonzi. Na hilo ndilo linalotokea katika utenzi: akikasirika, majonzi huwapata Wayunani, akirudi vitani, majonzi huwapata watu wa Troy, akifa, majonzi humrudia mama yake.

Wayunani wenyewe walikuwa na hadithi nyingine nyepesi. Walisema kwamba mtoto alipelekwa kulelewa na Chiron, kiumbe nusu mtu nusu farasi, naye akamwita hivyo kwa sababu midomo yake haikupata kunyonya titi la mama. Hiyo ni chemshabongo ya maneno tu, wala wataalamu wa leo hawaitegemei. Lakini yaonyesha kwamba tangu kale watu walilitazama jina hili wakajiuliza, kama bibi wa Kagera anavyojiuliza.

Jambo moja zaidi lapaswa kukumbukwa. Katika kisiwa cha Krete yalifukuliwa mabamba ya udongo yenye maandishi ya zamani sana, ambayo Mwingereza Michael Ventris alifaulu kuyasoma mwaka 1952. Mabamba hayo ni hesabu za mali na watu wa jumba la mfalme. Ndani yake limo jina a-ki-re-u, ambalo ni Achilles huyu huyu, na mwenye jina hilo hatajwi kama shujaa wala mwana wa mungu. Ni mtu wa kawaida katika orodha ya watu. Hivyo jina hili lilikuwa la watu wa kawaida karne kadhaa kabla ya Homer.

Na kama kijana atasema kwamba jina lenye huzuni ndani yake halifai, basi atuambie tuwafanyeje akina Shida, Tabu, Mashaka na Masumbuko waliojaa katika vijiji vyetu. Wazazi wao hawakuwaombea mabaya. Waliandika katika jina la mtoto habari za siku aliyozaliwa, na wengi wa watoto hao wakakua wakawa ndio faraja ya nyumba.

HABARI ZA KISIGINO

Sasa kisigino. Huenda utastaajabu, msomaji, nikikuambia kwamba katika Iliad kisigino hicho hakimo. Achilles wa Homer ana mwili wa kujeruhiwa kama wa mtu yeyote. Katika kitabu cha 21 mpiganaji mmoja aitwaye Asteropaeus anamrushia mikuki miwili kwa pamoja, na mmoja unamkwaruza mkono wa kulia hata damu ikamtoka. Anakwenda vitani akijua atakufa. Na kama mwili wake ungekuwa haupenyeki kwa chuma, ushujaa wake ungekuwa na thamani gani?

Hadithi ya kuzamishwa majini tunaipata kwa mara ya kwanza kwa mshairi wa Kirumi Statius, aliyeandika katika karne ya kwanza baada ya Kristo, yaani miaka kama mia nane baada ya Homer. Ndiyo hii inayojulikana: Thetis alimchukua mwanawe mchanga akamzamisha katika Styx, mto wa kuzimu, ili mwili wake usiingiwe na silaha. Alimshika kwa kisigino asichukuliwe na maji. Mwili wote ukalowa, ila pale paliposhikwa na vidole vya mama. Na hapo ndipo, katika masimulizi ya baadaye, mshale wa Paris ulipompata.

Tafakari jambo hili, ndugu mzazi. Kisigino hakikuwa dhaifu kwa kuumbwa. Kilibaki bila kinga kwa sababu mkono wa mama haukuthubutu kukiachia. Mama huyo huyo, vita vilipokaribia, alimvika mwanawe nguo za kike na kumficha kisiwani Skyros kati ya binti za mfalme, mpaka Odysseus alipokuja na bidhaa za mapambo pamoja na silaha, na kijana akajifichua kwa kuzikimbilia silaha. Thetis alifanya kila awezalo mzazi, wala hatuwezi kumlaumu. Lakini hakuna mzazi, awe mungu wa baharini au mkulima wa migomba, aliyepata kumzamisha mtoto wake mzima mzima katika maji ya salama.

Kutokana na hadithi hiyo lugha za Ulaya zimepata msemo wa "kisigino cha Achilles", nasi siku hizi tunausikia katika hotuba na katika matangazo ya mpira. Wengi huutumia isivyo. Timu iliyofungwa mabao sita kwa kuwa walinzi, viungo na washambuliaji wote ni wabovu haina kisigino cha Achilles. Ina maradhi ya mwili mzima. Msemo huu hufaa pale tu ambapo mtu, chama au jeshi ni imara pande zote, ila mahali pamoja padogo, aghalabu pasipoonekana, ambapo pakiguswa vyote huanguka.

Waganga nao walilichukua jina. Philip Verheyen, mtaalamu wa mwili wa binadamu huko Flanders, aliyeacha masomo ya upadri baada ya kukatwa mguu, ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuiita kano nene iliyo nyuma ya kifundo cha mguu kwa jina la Achilles, katika kitabu chake cha mwaka 1693. Hiyo ndiyo kano kubwa na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Huunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, na ikikatika mtu hawezi kukimbia wala kusimama kwa ncha za vidole. Uko pia mmea wa dawa uitwao Achillea, kwa kuwa ilisimuliwa kwamba Achilles alifundishwa na Chiron kuwatibu majeruhi. Na Zeno, mwanafalsafa wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alitoa kitendawili kwamba Achilles mwenye mbio hawezi kamwe kumpata mwenda pole aliyetangulia, kwa kuwa kila akifika pale mwenzake alipokuwa, mwenzake amesogea kidogo. Wasimulizi wa baadaye wakamfanya mwenda pole huyo kuwa kobe. Watoto wetu waliolelewa kwa hadithi za kobe hawatashangaa hata kidogo.

KITOVU CHA LIYONGO

Lakini kwa nini twende mbali? Waswahili wana shujaa wao, Fumo Liyongo, mshairi na mpiga upinde wa pwani ya kaskazini ya Kenya, ambaye habari zake zilitiwa katika utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo naye hakuuawa kwa mkuki wala mshale. Mahali pake pa kufia palikuwa kitovuni, kwa sindano ya shaba. Na aliyeichoma sindano hiyo hakuwa adui, alikuwa mwanawe wa kumzaa, aliyedanganywa kwa ahadi za mfalme wa Pate. Liyongo akaenda kisimani, akapiga goti, akavuta upinde wake, akafa katika hali hiyo. Na watu wa mji kwa siku kadhaa hawakuthubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Mama yake ndiye aliyetumwa kwenda kumbembeleza.

Tazama tofauti na ulinganifu wake. Mmoja alipata kovu lake kwenye mkono wa mama. Mwingine alichomwa pale pale alipofungwa na mama yake kabla ya kuzaliwa. Wote wawili walikuwa dhaifu mahali walipogusana na jamaa zao. Mimi naona kwamba mwandishi wa Kiswahili akisema "kitovu cha Liyongo" atakuwa amesema jambo lile lile, tena kwa kina zaidi, nasi tutakuwa tumetumia mali yetu.

JUMBA LA CORFU

Jina la shujaa hutegemea mtu anayelitumia. Katika kisiwa cha Corfu, Ugiriki, lipo jumba liitwalo Achilleion. Lilijengwa kwa amri ya Elisabeth, malkia wa Austria, baada ya mwanawe wa pekee wa kiume, Rudolf, kujiua Januari 1889. Katika bustani yake aliweka sanamu iliyochongwa na Ernst Herter: Achilles ameanguka, anajaribu kuung'oa mshale kisiginoni. Mama aliyefiwa alimtafuta Achilles wa majonzi.

Malkia huyo aliuawa mwaka 1898, na mwaka 1907 jumba likanunuliwa na Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani. Yeye akasimamisha sanamu nyingine, kubwa mno, ya Achilles mshindi, amesimama na mkuki na ngao. Mwaka huo huo wa 1907, katika koloni lake la Afrika Mashariki, majeshi yake yalikuwa yanamalizia kuvizima Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Babu zetu walikuwa wamenywa na kunyunyiziwa maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, wakiamini kwamba risasi hazitawadhuru. Watu wa makabila mengi waliunganishwa na maji hayo. Risasi ziliwaua, na njaa iliyofuata ikaua wengi zaidi. Kwa hiyo asicheke mtu akisikia habari za Thetis na mto wake. Hamu ya kumwona mtoto anarudi salama kutoka vitani ni moja, huko Ugiriki na huku Matumbi.

JINALILIVYOFIKA KWETU

Yabaki swali la mwisho: jina lilifikaje Kagera? Halikuletwa na Homer. Katika Roma ya kale walikuwapo askari wawili, Nereus na Achilleus, ambao kwa mapokeo ya Kikristo walitupa silaha zao, wakakataa kuwa watekelezaji wa ukatili, wakauawa kwa ajili ya imani yao. Kanisa Katoliki huwakumbuka tarehe 12 Mei. Kwa njia yao jina la mpagani mwenye ghadhabu likawa jina la ubatizo, Ulaya likawa Achille kwa Wafaransa na Waitalia, na Aquiles kwa Wahispania. Papa Pius XI, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka 1922 hadi 1939, alizaliwa akaitwa Achille Ratti.

Wamisionari wa Kifaransa walilifikisha Buganda. Huko alibatizwa kwalo kijana mmoja wa jumba la Kabaka, Achilles Kiwanuka. Kabaka Mwanga alipowataka vijana wake waikane dini, Kiwanuka hakukubali. Alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 pamoja na wenzake, akiwa kijana wa miaka kama 17. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza wafiadini hao 22 kuwa watakatifu. Kutoka Buganda hadi Kagera si mbali, na majina ya vijana wale yalivuka mpaka pamoja na katekisimu: Kizito, Karoli, Matia, Achileo. Mzee aliyebatizwa Achileo katika kijiji cha Kagera amebeba jina la kijana wa Kiafrika aliyekufa bila silaha mkononi, wala si jina la yule aliyemburura Hector.

JIBU KWA BIBI NA MWANAWE

Basi bibi, haya ndiyo niliyonayo. Jina lako ulipendalo huenda lina majonzi ndani yake. Limepita kwa mtu wa kawaida wa Krete, kwa shujaa aliyekasirika kisha akalia na baba wa adui yake, kwa askari waliotupa ngao, na kwa kijana wa Namugongo; mwisho likapita kwa mumeo, aliyekula nawe na kulea nawe. Huyo wa mwisho ndiye unayemtafuta, nami sidhani kwamba kuna mwanachuo yeyote wa Kiyunani awezaye kumweleza kuliko wewe.

Nawe kijana, una haki ya kumpa mtoto wako jina utakalo. Baba ni wewe. Lakini kisigino kisikutishe. Mwanao atakuwa nacho hata ukimwita kwa jina lisilopata kusikika duniani, kama wewe ulivyo nacho, na kama mimi. Jiulize badala yake kama unalikataa jina la Wayunani, au bado ni vigumu kuita jina la baba yako ndani ya nyumba na aitikie mtu mwingine. Kama ni hili la pili, si aibu. Mwambie mama yako. Yeye naye, kwa kulitaka jina hilo, alikuwa anakwambia jambo lile lile.

Priam na Achilles walikuwa maadui, wakaweza kuketi hema moja na kuliana kwa ajili ya baba na mwana. Mama na mwanawe wa Kagera hawatashindwa kuketi barazani jioni moja, wakazungumza zaidi ya salamu.

Msomaji mpenzi, kama una jina ambalo asili yake inakutatiza, niandikie. Tukijaliwa, tutakutana Jumapili ijayo.